Bega ya Kushoto ya Kocha

Wiki iliyopita basuporta balichoma muntu ya majani mbele ya depo yangu kubwa, ile ya katikati ya muji, na harufu ya kostime yake, koti na pantalo, ikanifanya nitapike nyuma ya magunia ya simenti. Miye. Muntu yenye alilala myaka juu ya pusipusi yake, mukokoteni ya mizigo, ku soko, mvua juu ya mugongo, akala vyenye alikuta, na tumbo yake haikumusumbua hata siku moja. Bafanyakazi balisimama mbali, banasema patron amepata malaria. Sikuwa na malaria. Nilikuwa na kinyaa.

Habari munaijua. Timu ya taifa ilienda ku kombe, ikafika mbali kupita vile tulizoea, halafu ikaanguka, na kocha akafunga valizi. Juzi bantu balikuwa banaita batoto babo kwa jina yake. Leo banafunga kravate ku shingo ya majani na banawasha kiberiti. Mutoto yangu ya mwisho, yenye anasoma universite juu miye sikusoma, alikuwa anapiga picha na telefone na anacheka mpaka anainama.

"Unacheka nini?"

"Papa, ni mambo ya mupira tu. Kesho bantu banasahau."

Kesho banasahau. Nilimutazama, na ile moshi ikaingia ku koo. Ilikuwa tergali. Weye yenye uko na umri yangu unaijua: ile kitambaa ya mapantalo ya zamani, yenye hata ukikalia siku nzima haikunjike. Tergali haiunguake sawa pamba. Inayeyuka, inatona chini matone nyeusi, na moshi yake iko na utamu mubaya, sawa sukari yenye imeoza. Nilisikia ile harufu mara moja tu mbele ya wiki iliyopita. Nilikuwa mutoto, ku mutaa ya Kamalondo, Lubumbashi.

Niko naandika hii bila haya, ijapo mukono yangu inajua kushika pauni ya kuchota simenti kuliko kalamu. Sikumaliza hata masomo ya primere. Leo niko na depo tatu, kamio mbili za mizigo, na nyumba ya etaje, ya gorofa, yenye nilichora mwenyewe na kijiti mu mavumbi. Arshitekti alikuja nyuma kuweka mihuri. Sisemi ile juu ya kujisifu. Ao nasema juu ya kujisifu, sawa, nimetoka jasho, niko na haki. Lakini muntu akiniuliza nilitokea wapi, natokea ku barza ya fundi wa kushona.

Baba yangu aliitwa Gabriel, bantu balimuita Fundi Gaby. Masini yake ilikaa ku barza, inatazama aveni, na kila muntu yenye alipita alimusalimia, juu kila muntu alikuwa amevaa kintu yenye ilipita chini ya ile sindano. Asubui kulikuwa harufu ya mafuta ya masini. Muchana, mama akileta pasi ya makala, kulikuwa harufu ya kitambaa yenye maji inapigwa na moto. Alikuwa na kitabu ya bipimo, ganda yake ya karto ilikuwa nyeusi juu ya kushikwa na vidole, na mule ndani Kamalondo yote iliandikwa: shingo, kifua, kiuno, urefu ya mukono. Muntu akinenepa, baba anakata mustari, anaandika upya. Namba nilijifunza mule, si ku masomo. Mpaka leo mukliya, muntu ya kununua, akisimama mbele yangu najua kiuno yake mbele aseme jina.

Ukurasa moja tu ilikuwa na maneno pamoja na namba: bega ya kushoto iko chini, weka pamba.

Ilikuwa ukurasa ya Donatien, kocha ya timu ya taifa. Ndiyo, ya taifa. Alizaliwa ku aveni yetu, nyumba ya tano kutoka kwetu. Yeye na baba balikaa ku benchi moja ku masomo ya bapadri, balitumikia misa pamoja, baliiba ndizi za sakristi pamoja. Alicheza mupira mpaka siku balimuvunja bega. Mufupa ikashikamana vibaya, bega ikabaki chini. Halafu akakuwa kocha, akapanda, akapanda, mpaka balimukabizi timu ya inchi. Na kila vesti, ile koti ya kostime, yenye alivaa, baba aliweka kipande ya pamba upande wa kushoto, yenye anaipima na kidole, ili muntu asione kilema.

Mbele aende ku ile kombe kubwa, baba alimushonea kostime ya tergali, buluu ya kuiva. Aveni yote ilikuja kuitazama bado imetundikwa. Na michezo ikianza, tulijaa ku bare ya Bosco, prezidan ya basuporta ya mutaa, juu yeye njo alikuwa na televizyo. Baba hakutazamaka mupira. Alitazama vesti. Kamera ikimuonyesha Kocha amesimama kando ya kiwanja, baba anasema polepole: "Munaona bega? Hamuione. Njo kazi ile." Na bantu banacheka, banamupa kiti ya mbele. Bosco mwenyewe alikuwa anasema ile kostime njo inafunga mabao. Baba hakukataa.

Timu ilifika demi-finali, nusu ya mwisho. Tulikuwa tunaongoza moja kwa sifuri, na Kocha akamutoa muchezaji yenye bantu bote balimupenda, akaingiza mulinzi. Tukafungwa mara mbili. Ni ile tu. Alikamata timu yenye ilikuwa inacheza sawa kuku imetoroka, akaifundisha kukaa ku mistari, akaifikisha kwenye hatukufikaka hata siku moja, na bantu bakaweka yote ile mu kikapu ya ule mulinzi moja. Ku radio balisema ametoka ku kazi. Bengine balisema ametoka mwenyewe, bengine balisema balimufukuza. Kamalondo haikuuliza. Ilikuwa na hamu ya kutema mate, na ikatema.

Basuporta balikuwa na desturi, munaijua, mpaka leo iko: timu ya adui ikianguka, banatengeneza maiti ya majani, banailaza juu ya ubao, banaizungusha mu mutaa. Bamama banaimba nyimbo ya kilio, bengine banatoa machozi ya kweli juu bamezoea, na ku njia panda banaichoma. Ni muchezo, sawa. Lakini ilikuwa ya adui. Kulilia mutoto ya aveni yenyewe, muzima, hiyo hatukuiona.

Bosco alikuja asubui, na vijana bane nyuma.

"Fundi, hii Jumamosi, siku ya posho, tuko na matanga. Tunataka kostime."

"Matanga ya nani?"

"Ya rafiki yako. Kitambaa iko? Najua ilibakia."

Baba hakusimamisha masini. "Majani haiko na bipimo, Bosco. Mumuvalishe gunia."

"Gunia?" Bosco aligeukia bale vijana, akacheka. "Munasikia? Tukishinda, ni kostime ya Fundi inashinda. Tukianguka, tuvalishe gunia. Papa Gaby, kiti ya mbele kwangu ulikalia na matako ya nani?"

Vijana bakacheka. Mumoja alimusukuma baba kidogo na kiuno, kwa adabu, sawa muntu yenye anaomba njia, akaweka muguu yake juu ya pedali ya masini na akaanza kukanyaga. Sindano ikawa inapanda, inashuka, bila kitambaa chini. Tok tok tok tok. Baba alitazama ile sindano mpaka ule kijana alichoka.

"Siku ya posho saa ngapi?" akauliza.

Ile njo nilisikia miye, niko nyuma ya mulango: siku ya posho, saa ngapi. Maneno ya mbele sikuyashika ile saa, mama alinielezea myaka nyuma. Nilikuwa natafuta kibuyo yangu ya kuchezea chini ya kitanda. Nilitoka nikaona baba anafungua sanduku, anatoa ile tergali buluu, anafungua kitabu ku ukurasa yenye maneno. Moyo yangu ikaruka. Bantu bote banamutukana Kocha, nikawaza, na baba yangu peke yake anamushonea kostime ingine ili akifika asikie kama kwetu bado anapendwa. Hakuna mutoto alikuwa na kiburi ya baba yake kunipita ile wiki. Nilienda ku robine ya maji nikabaambia batoto bengine: "Baba anamushonea Kocha kostime ya mupya." Balianguka na kicheko. Niliona ni wivu.

Mama yeye hakucheka. Alisimama ku mulango na pasi.

"Gabriel, ni kostime ya nani?"

"Ya majani."

"Na ukurasa iko wazi ni ya nani?"

Mama akatoka nje, akafungua pasi, akamwanga makala yote chini na akamwanga maji juu. Baba akanyoosha mishono na vidole na mate. Nilifikiri baligombana juu ya makala.

Siku ya posho, kisha chakula ya muchana, nilimuona Kocha. Alipita njia ya nyuma, kwenye choo zinatazamana, na valizi moja. Nilimufuata mpaka kwake. Bibi yake alishakwenda na batoto kwa bazazi. Nilimukuta mu lupango, ndani ya uwanja ya nyumba, amekaa juu ya ile valizi, viatu bado ku miguu, sawa muntu yenye anangoja gari.

"Jambo, papa."

"Jambo, mwana. Unatafuta nini?"

"Papa anakuita. Iko anakushonea kostime ingine. Inabakia tu kupima."

Alinitazama sana. "Gaby njo alikutuma?"

Sasa, hakuna muntu alinituma. Lakini nilikuwa na habari muzuri ku mukono, na nilitaka ifike na nguvu ya mukubwa. Nikasema: "Ndiyo. Alisema ukuje."

Alisimama, akanawa uso ku ndoo, akachana nywele. Ile ya nywele ndiyo inanirudilia. Alizichana polepole, na maji, kama muntu anaenda ku misa. Halafu akanipa mukono, tukashika aveni katikati, si njia ya nyuma. Milango ilikuwa inafunguka kidogo na kufunga. Hakuna yenye alisalimia. Miye nilikuwa natembea kifua mbele.

Ku barza tukakuta muntu amesimama, amevaa kostime buluu, mugongo kwetu, na baba amepiga magoti nyuma yake, mudomo umejaa epengele, zile sindano za kushikiza kitambaa, anapanga upindo ya pantalo. Nilidhani ni mukliya. Mpaka nikaona ku shingo, kwenye kichwa inatakiwa kukaa, majani.

"Gaby," Kocha akasema.

Baba hakuweza kujibu juu ya zile epengele. Alizitoa moja moja, anazichomeka ku mukono ya shati yake. Ilikuwa nyingi. Kocha akangoja. Halafu akakaribia ule muntu ya majani, akamuweka mukono juu ya bega ya kushoto, akaibonyeza na kidole gumba.

"Uliweka pamba."

"Dona..."

"Uliwekea majani pamba."

"Nilifungua kitabu," baba akasema. "Sikuwaza. Mukono yangu haijue kukata ingine."

Nawaambia ukweli: hapo njo kinyaa yangu ilizaliwa, ijapo nilikuwa sijue jina yake bado. Kama angeshona ile takataka vibaya, mukono moja mufupi, ingine murefu, ningemusamehe. Muntu ameogopa, ameshona haraka, basi. Lakini baba yangu alikaa wiki nzima anashona vizuri. Kila mushono sawa, vifungo vimeshikwa mara mbili, kilema ya rafiki yake imefichwa na upendo yote, ili bantu bamuchome.

Kocha akamuvua ule muntu vesti, akaivaa yeye. Akafunga kifungo. Akajitazama ku kioo ya atelie, ile yenye ufa. Na baba, juu ya mazoea, akapita nyuma yake, akavuta vesti chini kidogo, akapangusa choki ku mugongo. Kocha akamuachilia afanye.

"Ile ya kwanza ilikuwa inakaza chini ya mukono," akasema. "Hii imekaa."

"Niliongeza kidogo."

"Naona."

Tukasikia ngoma. Bosco na bantu yake balikuwa banakuja na ubao, na bamama tayari bamefunga bitambaa ku kiuno. Balimuona Kocha ndani ya kostime na ngoma ikafa. Bosco alitafuta neno, akaipata ile yenye alikuwa anasemaka kila siku ku bare.

"Ah, Kocha. Karibu. Safari ilikuwa muzuri?"

"Muzuri. Nimefika mapema, naona. Marehemu hajavaa."

Mumama moja akacheka, akajifunika mudomo. Kocha akavua vesti, akaikunja katikati vile bafundi banakunja, akamupa baba ku mikono yote mbili.

"Maliza kazi, Gaby. Na asante kuniita. Bengine hawangeniita."

Baba akanitazama. Nilikuwa karibu na kinu. Angeweza kusema: sikukuita, ni mutoto amesema uongo. Ingekuwa na neno tano. Hakusema. Kocha akashuka ngazi, basuporta bakafungua njia, na yeye akapita katikati yabo na shati. Mbele ngoma ianze upya, Bosco alisema: "Fundi, tuko nangoja pantalo." Na baba yangu akapiga magoti, akarudisha epengele ku mudomo, akamaliza upindo.

Balimuchoma ku njia panda. Bamama balilia vizuri sana. Nilikuwa pale. Tergali ikatona, na bantu bakaruka nyuma banacheka juu ilikuwa inabachoma miguu.

Kesho yake Kocha aliondoka kwenda Kasenga, kwa ndugu ya mama yake, ku mutoni. Hakurudia Kamalondo tena. Baba aliendelea kushona, bantu baliendelea kumusalimia, na miye nikiulizwa nitakuwa fundi sawa yeye, nilikuwa nasema bora nisukume pusipusi. Nikaisukuma. Vyote niko navyo leo vilitokea mule, mu ile kutapika yenye sikutapika utotoni. Baba alikufa na hatukuongea ile siku hata mara moja. Lakini kintu moja ilikuwa inanikula: Kocha alibaki anaamini kama rafiki yake alimuita makusudi, aje apime sanda yake, amuchekelee. Baba alikuwa muoga. Hakuwa mukatili. Ukatili ule ulikuwa uongo yangu, na muzee aliibeba mpaka mu kaburi juu yangu.

Kamio zangu zinapelekaka simenti Kasenga, zinarudia na samaki. Nilijua nyumba ya Kocha. Shoferi yote anaijua. Nilipita mbele yake myaka, gari kubwa, horoni inalia, na sikusimama. Ningesimama niseme nini, miye yenye nanunua kiwanja kwa neno moja? Wiki iliyopita, kisha kutapika, nilinawa mudomo, nikaingia mu gari, sikusalimia muntu.

Nilimukuta amekaa ku kiti ya plastiki mbele ya kiwanja ya muchanga, fimbo ku mukono, anapangilia batoto mistari. Amezeeka. Radio ndogo ilikuwa chini ya kiti, inaongea juu ya ule kocha mwingine yenye ametoka.

"Miye ni mutoto ya Fundi Gaby."

"Naona. Uko na paji yake." Hakunipa kiti. "Nilisikia alikufa."

"Alikufa. Papa, nimekuja kusema kintu. Ile siku hakunituma. Baba hakukuita. Ni miye nilijitungia. Nilidhani ile kostime ni yako kweli."

Nilisema yote, kwa mara moja, sawa muntu anashusha gunia. Na nawaambia vile nilikuwa: nilingoja asante. Nilikuwa nawaza mwisho atasema, basi Gaby hakunichekelea, na atakufa na moyo mwepesi, na miye nitarudia Lubumbashi nimelipa. Alizima radio na ncha ya fimbo.

"Ile siku," akasema, "bachezaji yangu balikuwa banajificha. Bakubwa balinitumia karatasi ya kunifukuza ku mukono ya shoferi. Ndugu zangu balifunga milango. Bote balinifanyia nyuma ya mugongo. Muntu moja tu aliniita nikuje nione na macho yangu. Nilisema, Gaby ni muoga, amekubali kushona, lakini amekataa kunificha. Amejua kusimama mbele yangu. Nilimushukuru, ulisikia. Haikuwa matusi."

"Papa..."

"Ni kintu moja tu nilitoka nayo Kamalondo: kuitwa na Gaby. Kazi yote ya mupira balichoma, sawa. Ile moja nilikuwa nayo."

Mutoto moja alikuwa amesimama nyuma ya balinzi, anangoja mupira peke yake. Kocha alimunyooshea fimbo, akamupigia kelele arudie ku mustari. Halafu akageuza kiti yake, polepole, mpaka nikabaki natazama mugongo.

"Ungeniachia," akasema.